Alikuja Kwake: Neno kwa Wainjilisti Wanaorudi Kwao

Bwana Yesu asifiwe! Bwana asifiwe tena!

Mkuu wa chuo, wachungaji wetu, walimu, wazazi mliolala njiani ili muwahi kuwaona watoto wenu wakivaa majoho, na ninyi wahitimu wenyewe, nawasalimu katika jina la Bwana.

Nilipopigiwa simu kuombwa niseme neno siku ya leo, niliuliza swali moja tu: hawa wanapelekwa wapi? Nikajibiwa kwamba safari hii zaidi ya nusu yenu mmepangiwa mitaa ya kwenu, huko huko mlikozaliwa. Wazazi wamefurahi, na nyuso zao nimeziona hapa tangu asubuhi. Mimi kwenye simu nilikaa kimya kidogo. Aliyenipigia akadhani mtandao umekatika.

Nilinyamaza kwa sababu nami nilipangiwa kwetu. Ilikuwa mwaka 1989, kijiji kilicho chini ya milima ya Usambara, na nimekaa huko mpaka nilipostaafu. Kwa hiyo leo sitasema juu ya mapepo, wala juu ya ukosefu wa baiskeli, wala posho inayochelewa. Hayo mtayakuta na mtayazoea. Nataka kusema juu ya watu watakaokuambia, “Wewe tunakujua.”

Tufungue Injili ya Luka, sura ya 4, kuanzia mstari wa 16. “Akaenda Nazareti, hapo alipolelewa, na siku ya sabato akaingia katika sinagogi kama ilivyokuwa desturi yake, akasimama ili asome.”

Hapo alipolelewa. Luka hakulazimika kuliweka neno hilo, lakini ameliweka ili tujue Yesu yuko mahali gani. Nazareti ilikuwa kijiji kidogo cha Galilaya, na wachimbaji wa mambo ya kale wengi wanakadiria watu mia chache tu. Agano la Kale lote halikitaji hata mara moja. Mwendo wa kama kilomita 6 kutoka hapo ulikuwapo mji wa Seforisi, wenye majengo na pesa, na mafundi wa vijijini yaelekea walikwenda kutafuta vibarua huko. Nazareti ilikuwa mahali pa watu wanaojuana mpaka sauti ya kikohozi. Kama kwenu. Mtu akipita usiku hamwoni, lakini mnasema, “Huyo fulani, nimeijua miguu yake.”

Katika kijiji cha namna hiyo Yesu aliishi karibu miaka 30. Huenda mzee mmojawapo aliyeketi katika sinagogi siku ile alikuwa na mlango uliotengenezwa na mikono ile ile iliyokuwa sasa inakifungua chuo, yaani kitabu cha kukunjwa, cha nabii Isaya. Huenda mwingine alikuwa bado anadaiwa pesa ya nira. Wote walimjua mama yake. Walijua na lini aliolewa, na kama mnavyojua vijiji, waliweza kuhesabu miezi.

Akasoma: “Roho wa Bwana yu juu yangu, kwa maana amenitia mafuta kuwahubiri maskini habari njema.” Akakifunga chuo, akamrudishia mtumishi, akaketi. Wakamkazia macho. Akasema, “Leo maandiko haya yametimia masikioni mwenu.”

Sasa angalieni, maana hapa wahubiri wengi tunaharakisha. Hawakukasirika papo hapo. Luka anasema walimshuhudia wote, wakayastaajabia maneno ya neema yaliyotoka kinywani mwake. Walipenda! Mahubiri yalikuwa mazuri. Na pumzi ile ile iliyosifu ndiyo iliyosema, “Huyu siye mwana wa Yusufu?”

Marko, sura ya 6, anatuandikia kwa ukali zaidi: “Huyu si yule seremala, mwana wa Mariamu, na ndugu yao Yakobo, na Yose, na Yuda, na Simoni? Na maumbu yake hawapo hapa petu? Wakajikwaa kwake.” Nisimame kidogo kwenye neno “maumbu”. Vijana mnalisoma mnalipita. Ni dada zake. Neno la zamani, na Biblia yetu ya mwaka 1952 imetutunzia. Na hilo neno “ndugu” msigombane juu yake na Wakatoliki mtakaowakuta vijijini, kwamba ni wa tumbo moja au ni wa ukoo. Kiswahili chetu kina ndugu wa aina zote na wote ni ndugu, na maumivu ya kukataliwa nao ni yale yale.

Lakini sikilizeni walivyomwita: mwana wa Mariamu. Katika nchi ile mtu alitajwa kwa jina la baba yake, hata kama baba ni marehemu. Wapo wanaosema ni kwa sababu Yusufu alikuwa ameshakufa. Inawezekana. Mimi nimekulia kijijini, na ninajua mtu mzima anapotajwa kwa jina la mama yake peke yake mbele ya watu kinachosemwa ni nini. Tena baadaye, katika Yohana 8, wakibishana naye Yerusalemu, wanamrushia: “Sisi hatukuzaliwa kwa zinaa.” Sisi. Ile “sisi” ina mwiba.

Mimi mama yangu alikuwa akiuza vitumbua. Alikuwa analoweka mchele jioni, anatwanga alfajiri, na kabla ya jua kutoka ameshaketi barabarani na chuma chake, na mimi pembeni yake nikifunga vitumbua kwenye karatasi za gazeti. Kijiji kizima kimekula vitumbua vyangu. Nilipomaliza chuo nikarudi, Jumapili yangu ya kwanza nikasimama mbele kusoma somo, na kwenye benchi la mbele aliketi bibi mmoja aliyeheshimiwa sana, mwimbaji wa kwaya tangu enzi za wamisionari. Alivuta khanga yake akafunika mdomo, akamgeukia jirani yake, akasema maneno mawili ambayo kanisa lilivyokuwa kimya niliyasikia mpaka kule mbele: “Mtoto vitumbua.”

Yule jirani hakucheka. Ningependa angecheka. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyekumbushwa jambo la kweli.

Nami nilikuwa nasoma Isaya. Sikumbuki tena nilichosoma, nakumbuka herufi zilivyokuwa zinaogelea.

Miezi minne baadaye alifariki shangazi yangu. Shangazi wa damu, aliyenibeba mgongoni. Mwinjilisti wa mtaa nilikuwa mimi. Wazee wa ukoo walikaa chini ya mwembe, wakatuma kijana aende kwa miguu mwendo wa saa mbili kumleta mwinjilisti wa mtaa wa jirani aje aongoze mazishi. Hawakuniambia hapana, maana hakuna aliyeniuliza. Mjomba alinipitia jikoni akaniambia kwa upole, “Mwanangu, wewe saidia wenzako huku.” Nikaketi na wanawake kwenye majani ya mgomba, nikamenya ndizi. Mnaujua utomvu wa ndizi mbichi. Unashika vidole, unakuwa mweusi, hautoki kwa sabuni wala kwa ndimu, unatoka siku unapotaka wenyewe. Kupitia ukuta wa fito nilimsikia mwenzangu akihubiri vizuri kabisa, ufufuo na uzima, na watu wakiitika amina. Jumapili iliyofuata nilishika Biblia kwa vidole vyeusi.

Sisemi haya kuwatisha. Nawaambia ili siku ikikufika usidhani Mungu amekosea anwani.

Kwetu tuna msemo, mgeni njoo mwenyeji apone. Ni msemo mzuri na ni wa kweli, maana mgeni anakuja na dawa ambayo sisi hatuijui mizizi yake. Yule mwinjilisti wa jirani alikuwa mgeni. Hawakujua kama mama yake aliuza vitumbua au pombe. Shida ya Nazareti ni kwamba aliyekuja na dawa alikuwa mwenyeji. Na Yesu aliwasoma mioyoni akawaambia, “Hapana shaka mtaniambia mithali hii, Tabibu, jiponye nafsi yako.” Wazee wetu nao wanasema mganga hajigangi. Na akaongeza jambo ambalo kila mtoto aliyeondoka kijijini akarudi amelisikia kwa namna fulani: “Na yote tuliyosikia kwamba yametendeka Kapernaumu, yatende na hapa pia katika nchi yako mwenyewe.” Yaani, kule ulikokwenda tumesikia unawapa watu. Sisi kwenu umetuletea nini?

Akawajibu kwa Maandiko yao wenyewe. Wajane walikuwa wengi Israeli siku za Eliya, mbingu zilipofungwa miaka mitatu na miezi sita, lakini Eliya alitumwa kwa mjane wa Sarepta, katika nchi ya Sidoni. Wenye ukoma walikuwa wengi siku za Elisha, akatakaswa Naamani, mtu wa Shamu. Hapo ndipo ghadhabu ilipowaka. Wakamtoa nje ya mji, wakampeleka mpaka ukingo wa kilima ili wamtupe chini. Watu wale wale. Waliokula harusi pamoja naye.

Daudi aliuimba uchungu huu katika Zaburi ya 55, na sijui maneno mengine yanayoukaribia: “Kwa maana aliyenitukana si adui, kama ndivyo, ningevumilia.” Kisha, “Bali ni wewe, mtu mwenzangu, rafiki yangu, niliyejuana nawe sana.” Adui anajua upanga wako tu. Ndugu anajua mahali ulipolala ukilia.

Na huyo Daudi alishaonja mapema. Alipofika vitani na mikate ya kaka zake, Eliabu, kaka mkubwa, alimwakia mbele ya askari: wale kondoo wachache umemwachia nani kule nyikani? Wachache. Kaka anajua hesabu ya kondoo. Kisha akasema, “Mimi najua kiburi chako.” Mimi najua. Eliabu alikuwepo Samweli alipommiminia mdogo wake mafuta, aliyaona yakitiririka. Lakini alimjua Daudi kabla ya mafuta, na akaamua kubaki na huyo wa kabla.

Hilo ndilo ninaloliona katika Maandiko haya yote, na ndilo nililosimama kulisema. Watu wanaokukataa kwa sababu wanakujua hawasemi uongo. Wanakujua kweli. Ila wamekujua mpaka tarehe fulani, halafu daftari wamelifunga. Nazareti walikuwa sahihi katika kila neno walilosema: seremala, kweli, mwana wa Mariamu, kweli, dada zake wapo hapa, kweli. Wakajikwaa kwenye ukweli. Marko anasema Yesu mwenyewe “akastaajabu kwa sababu ya kutokuamini kwao.” Mahali pengine Injili inasema alistaajabu ni kwa akida wa Kirumi, mgeni, kwa imani yake. Mara hizi mbili tu, moja kwa mgeni na moja kwa wenyeji. Na wala hakuweza kufanya mwujiza wowote huko, isipokuwa aliweka mikono juu ya wagonjwa wachache, akawaponya.

Wagonjwa wachache. Nawapenda hawa watu wawili watatu wa Nazareti ambao hawana majina. Wanakijiji wote wanasema tunamjua huyu, na mgonjwa mmoja kwenye mkeka anasema, mnaweza kumjua mnavyotaka, mimi naumwa, aje.

Nyumbani mwake pia. Usipite haraka maneno ya Yesu: “katika nchi yake mwenyewe, na kwa jamaa zake, na nyumbani mwake.” Anaingia ndani hatua kwa hatua, kijiji, ukoo, nyumba. Katika Marko 3 jamaa zake walisikia habari zake wakatoka kwenda kumshika, “maana walisema, Amerukwa na akili.” Hawa si waandishi kutoka Yerusalemu. Kisha mamaye na nduguze wakaja, wakasimama nje, wakatuma mtu kumwita. Mama wa Bwana wetu alisimama nje ya mlango siku ile. Sitaki kumsemea vibaya, maana huyu ni mwanamke aliyeambiwa upanga utaingia moyoni mwake, na mzazi anayeogopa mtoto wake atauawa hufanya mengi. Wazazi mlio hapa, mnanielewa. Kuna kukataliwa kunakotokana na dharau, na kuna kule kunakotokana na hofu ya wanaokupenda, na aliyesimama ndani ya nyumba anasikia sawasawa: wako nje, hawaingii.

Na Yohana 7 anamaliza kwa mstari mmoja mfupi: “Maana hata nduguze hawakumwamini.”

Sasa nitasema jambo lililo gumu kwangu. Nimesimama hapa kama niliyekataliwa, na ni kweli. Lakini nami nimewahi kuwa Nazareti.

Nina mdogo wangu wa kiume. Ujana wake ulipotea. Aliuza baiskeli ya baba, akauza mahindi ya mama yakiwa bado shambani, akaenda machimboni, tukawa hatuna habari zake kwa miaka sita. Jioni moja akarudi. Amekonda, amevaa shati safi lililopigwa pasi, akaniambia, “Dada, nimeokoka.” Mimi mwinjilisti nikasema, “Bwana asifiwe.” Nikampikia, nikamtandikia kitanda chumba cha mbele. Na mfuko wa sadaka ya Jumapili ulikuwa chumba hicho hicho, juu ya kabati, kwa sababu mtunza hazina alikuwa bado hajaja kuuchukua. Nikaingia nikauchukua, nikaufunika kwa kitenge, nikapita nao mbele yake kama mtu aliyebeba nguo za kufua. Sarafu zililia. Alinitazama. Hakusema neno, aliangalia chini, kwenye mikono yake.

Alfajiri nilikuta kitanda kimetandikwa na mtu hayupo.

Alikuwa amebadilika kweli. Leo ni mzee wa kanisa katika usharika wa mbali, na watu wa huko wanamkabidhi funguo. Ilichukua miaka tisa ndipo akala tena chakula nyumbani kwangu. Kila neno nililolijua juu yake lilikuwa kweli, na ningeweza kuapa mahakamani. Nilikuwa nimelifunga daftari. Basi wahitimu, mtakaporudi kwenu na mkamkuta yule jambazi mliyesoma naye darasa la nne ameketi benchi la nyuma, kumbukeni zile sarafu.

Je, ukikataliwa ufanye nini? Mtu akikuumiza kwenu, vishawishi viko viwili. Kimoja ni kuomba: kujipendekeza, kueleza, kuonyesha vyeti, kuwahubiria wale wale kila wiki ukitafuta sura moja ya mjomba ibadilike. Nimefanya hivyo miaka miwili. Nilikuwa naandaa mahubiri kwa ajili ya mtu mmoja na kundi lote linakufa njaa. Yesu hakufanya hivyo. Luka anasema alipita katikati yao, akaenda zake. Marko anasema akazunguka katika vile vijiji, akifundisha. Kulikuwa na vijiji vingine, navyo vilikuwa na wagonjwa.

Kishawishi cha pili ni kulaani. Kufuta kwenu. Kusema, mimi huko sina mtu. Na hapa ndipo Biblia ilinishika shingo.

Mnamkumbuka Yeremia. Kwao ni Anathothi, kijiji cha makuhani, karibu kabisa na Yerusalemu. Sura ya 11 inasema watu wa Anathothi walitaka kumwua: usitoe unabii kwa jina la Bwana, usije ukafa kwa mikono yetu. Na sura ya 12 Mungu anamwambia jambo la kutisha, kwamba hata ndugu zake, nyumba ya baba yake, hata wao wamemtenda kwa hila, asiwasadiki wajapomwambia maneno mema. Wajapomwambia maneno mema! Mtu aliyeambiwa hivyo na Mungu, nani angemlaumu akikata ukoo?

Twende sura ya 32. Miaka imepita. Yerusalemu imezingirwa na Wakaldayo, Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi. Nani anakuja kumtembelea? Hanameli, mtoto wa ndugu ya baba yake. Amekuja na Biblia mkononi? Hapana. Amekuja kuuza shamba. Shamba liko Anathothi, na wewe ndiwe mwenye haki ya kulikomboa, linunue. Adui ameshaikalia nchi, shamba halina thamani, muuzaji anatoka katika ukoo uliotaka kumwaga damu yake. Na Yeremia akalinunua. Akampimia fedha, shekeli 17, akaandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi, akampa Baruku, mwandishi wake, aziweke hati katika chombo cha udongo ili zikae siku nyingi. Wale mliowahi kununua shamba la ukoo mnajua hatua hizo, mashahidi na sahihi na kila kitu. Alifanya mambo yote kama mtu ambaye watoto wake watalima hapo.

Alinunua ardhi katika kijiji kilichomkataa, kwa sababu Mungu alimwambia nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi hii. Nilipolisoma hili mara ya kwanza kwa macho ya mtu wa utomvu, niliifunga Biblia nikatoka nje nikasimama.

Kisha nikaanza kumtafuta Yesu na Nazareti. Someni Mathayo 11. Yesu anaikemea miji: “Ole wako, Korazini! Ole wako, Bethsaida!” Na Kapernaumu, mji wake wa pili, ambako alifanya miujiza mingi, anauambia utashushwa mpaka kuzimu. Nimetafuta ole ya Nazareti. Haipo. Miji iliyoona na isitubu ilipata ole. Kijiji kilichotaka kumtupa kilimani hakikupata hata moja.

Alipotundikwa msalabani, Pilato aliandika anwani juu ya kichwa chake: “Yesu Mnazareti, Mfalme wa Wayahudi.” Kwa Kiebrania, Kirumi na Kiyunani, jina la kile kijiji kidogo. Na baada ya kufufuka, akiwa katika utukufu ambao Sauli hakuweza kuutazama bila kupofuka, Sauli anauliza, u nani, Bwana? Angeweza kujibu majina mangapi! Matendo 22, mstari wa 8: “Mimi ni Yesu Mnazareti, unayeniudhi.” Amepaa na jina la kwao. Hakulivua.

Na nduguze? Paulo anatuambia katika 1 Wakorintho 15 kwamba baada ya kufufuka alionekana na Yakobo. Hakuna aliyetuandikia walichoongea. Ningetoa mengi kusikia. Lakini katika Matendo sura ya 1, ghorofani, wakiwa wanasali kwa moyo mmoja, wanatajwa Mariamu mama yake Yesu, na ndugu zake. Wameingia ndani. Yakobo akawa nguzo ya kanisa la Yerusalemu, na mwanahistoria Yosefo anaandika kwamba alipigwa mawe mwaka 62. Fungueni waraka wa Yakobo, mstari wa kwanza: mtumwa wa Mungu, na wa Bwana Yesu Kristo. Fungueni waraka wa Yuda: “mtumwa wa Yesu Kristo, ndugu yake Yakobo.” Angeweza kuandika ndugu yake Yesu, nani angembishia? Amejiita ndugu wa Yakobo, na kwa Yesu amejiita mtumwa. Mmoja wa wale wanne waliotajwa pale Nazareti kama ushahidi kwamba huyu ni mtu wa kawaida tu.

Iko habari nyingine iliyohifadhiwa na Eusebio, aliyeandika mambo ya Kanisa katika karne ya 4, naye aliipata kwa mtu wa kale zaidi, Hegesipo. Wajukuu wa huyo Yuda walikamatwa, wakapelekwa mbele ya Kaisari Domitiano, kwa kuwa walikuwa wa ukoo wa Daudi na Kaisari aliogopa wafalme. Akawauliza wana mali gani. Wakasema shamba moja dogo, thamani yake dinari 9000 kwa wote wawili, wanalilima wenyewe na kulipia kodi. Kisha wakamwonyesha mikono yao. Ilikuwa na sugu za jembe. Akawauliza juu ya Kristo na ufalme wake, wakajibu kwamba si wa dunia hii. Kaisari akawadharau, akawaachilia, na walikwenda wakaongoza makanisa. Vizazi viwili tu kutoka kwa watu waliosema amerukwa na akili.

Mjomba wangu, yule wa jikoni, alifariki mwaka 2004. Hakuwahi kunisikiliza. Nilimwuguza, nilimlisha uji, na siku ya mwisho akaomba aitwe mchungaji kutoka mjini. Nikampigia simu mimi mwenyewe. Nasema hili ili pasiwe na mtu anayeondoka hapa akidhani akivumilia miaka kumi wote watakuja. Wengine hawaji.

Yule bibi wa khanga aliishi miaka mingi. Macho yakafa, hakuweza tena kusoma kitabu cha nyimbo, akawa haji kanisani. Usiku mmoja mjukuu wake alinigongea: bibi anakuita, amekataa kulala. Nikaenda na taa. Alikuwa amekaa kitandani, khanga mabegani, Biblia yake imefunguliwa mapajani ukurasa ambao hakuweza kuuona. Aliposikia mlango akageuza uso.

“Ni wewe, mtoto vitumbua?”

Nikasema, “Ndiyo, bibi, ni mimi.”

“Soma,” akasema. “Lakini polepole, masikio nayo yamechoka.”

Nikavuta kigoda, nikasogeza taa, nikasoma polepole.